Migongo Minane ya Maji

Mama mkwe wangu, Elva Noske, alikuwa mkono wa birika, na sioni haya kulisema, kwa sababu nilishamwambia usoni akiwa hai. Alicheka mpaka akaketi. Akaniambia mkono wa birika ndio unaomimina chai, kwa hiyo nilete kikombe.

Kwake hakuna kitu kilichotupwa kabla hakijahojiwa. Mifuko ya mkate aliifua akaianika kambani pamoja na nguo. Vipande vya sabuni vilivyokwisha alivitia ndani ya soksi kuukuu, akaogea soksi. Shuka likichakaa katikati alilipasua urefu wake, akashona zile kingo nzima zikutane, na likawa na miaka mingine kumi ya kulaliwa, ingawa ulilala juu ya mshono. Majani ya chai yalichemshwa mara mbili, kisha yakaenda kwa kuku. Mafuta ya kondoo aliyachuja ndani ya kopo lililokuwa na umri kunizidi mimi.

Mimi nilitoka Adelaide, mjini, na nilipoolewa na mwanawe Lyall nilikuja na sabuni tano za manukato. Sitasahau bafu langu la kwanza nyumbani kwake. Maji yaliwekwa mara moja, mgeni akaoga kwanza, kisha wengine wakafuatana humohumo mpaka baba mkwe, na yaliyobaki yakabebwa kwa ndoo kwenda kwenye mlimau. Nilikuwa mgeni mara hiyo moja tu. Wiki iliyofuata nikawekwa wa mwisho, baada ya wanaume waliotoka kukata manyoya ya kondoo, na jamani, nilikasirika.

Lakini haki ni haki, na mimi pia nina la kwangu. Ni msahaulifu. Sufuria zake mbili niliziunguza mimi. Bomba la tangi lake nililiacha likichuruzika mara tatu katika miaka yangu ya kwanza ya ndoa, na hiyo ya tatu alikwenda kimya kimya akaufunga mkono wa bomba kwa kamba, kwa fundo lake mwenyewe, usiweze kufunguka zaidi ya robo. Hakutaja jina la mtu. Kila aliyepita pale alijua kamba ile ni ya nani.

Mtu wa nchi yenye mito hataelewa tangi lile lilikuwa nini. Huku kwetu Mallee, nchi kame ya ngano, maji ya kunywa ni yale yaliyoangukia paa lako, basi. Yanashuka kwenye mfereji wa paa, yanaingia kwenye tangi la bati lenye mikunjo tunayoiita migongo, lililo kando ya jiko, na hayo ndiyo yako mpaka Mungu akumbuke tena. Mama alijua maji yake yako wapi bila kufungua kitu. Kila Jumapili akitoka kanisani, hata kofia hajavua, alilibisha tangi kwa konzi, akianzia juu, mgongo mmoja baada ya mwingine. Panapolia tupu hakuna kitu. Panapojibu kwa sauti nzito, maji yapo. Hapo alichora mstari wa chaki.

Mwaka wa themanini na mbili mvua ilitukataa. Ilinyesha siku moja tu ya maana, mwezi wa Septemba, kwa kishindo, tangi la Mama likajaa na kufurika. Lyall alipitia kwake siku hiyo akamkuta amesimama chini ya paipu ya kufurikia, amelowa chapachapa, na chupa miguuni pake. Hakumuuliza anafanya nini. Kwa Mama ukianza kuuliza hutamaliza. Baada ya hapo mbingu zikafungwa, na ilipofika Krismasi mimi na Lyall tulikuwa tumeshanunua maji ya boza mara tatu.

Siku ya Krismasi ndipo maneno yalipoanza. Lyall na dada yake Roslyn walikuwa wamelizungumza kwa simu kwa miezi: Mama ana miaka sabini na minne, yuko peke yake tangu baba afariki, kilomita tisa kutoka kwetu, nyumba ina nyufa na sasa hakuna maji. Roslyn alikuwa amemtafutia nyumba ndogo ya wazee mjini, karibu na kwake, yenye zulia na bomba lisilokauka. Nami niliwaunga mkono. Kila Jumatano mimi ndiye niliyempelekea vitu vya dukani, kila Jumatano nikaambiwa nimenunua ghali, na nilikuwa nimechoka.

Mama aliwasikiliza huku akifuta sahani yake kwa mkate. Nyumba ile aliingia akiwa bi harusi wa miaka kumi na tisa. Alisema anakusudia kutoka humo akiwa amebebwa, na mjini kwa Roslyn hakuna hata bati la kusikilizia mvua. Lyall naye ana kichwa kigumu cha mama yake, hakukiokota. Akaweka uma chini.

"Haya, Mama," akasema. "Siku utakayonunua maji ya boza, siku hiyo unafunga virago. Tumekubaliana?"

"Na nisiponunua?"

"Usiponunua mpaka lini?"

"Mpaka Siku ya Anzac. Nisiponunua mpaka hapo, hakuna atakayenitajia zulia tena, mpaka nife."

Siku ya Anzac ni mwisho wa Aprili, tunapokwenda kuwakumbuka askari wetu, na huku ndiyo siku ambayo mkulima huanza kutazama juu kwa haki, akingoja mvua. Ilikuwa miezi minne kutoka pale. Walipeana mikono juu ya mifupa ya kuku. Kisha Mama akatutoa nje sote, kwenye jua la kukaanga yai, akabisha tangi mbele yetu. Lilijibu kwenye mgongo wa nane kutoka chini.

"Migongo minane," akasema. "Mgongo mmoja unanitosha wiki mbili na siku kadhaa. Hesabuni wenyewe, mimi nina vyombo vya kuosha."

Tukahesabu. Ingemfikisha, na ziada ya mgongo mmoja tu. Nikamwambia Lyall garini kwamba mama yake amejiroga mwenyewe. Lyall akanijibu kwamba simjui mama yake.

Alijikaza kisabuni, yule mama. Aliosha uso kwa kikombe kimoja, na kikombe hichohicho kikaosha vijiko, na maji ya vijiko yakanywesha mche wa nyanya uliofungwa kwa soksi. Viazi alivichemsha na maganda, maji yake yakawa supu. Januari ikapita kwa migongo miwili kasoro kidogo, Februari vivyo hivyo, chaki ikishuka kwa hatua zilezile. Nilipokwenda Jumatano alinimiminia chai kikombe kikajaa mpaka mdomoni. Siku moja nilimwambia anipunguzie, akakasirika kweli. Akasema mgeni hapunguziwi chai, kubana matumizi si kumbania mtu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana siwezi kuiruka.

Jumatano ya kwanza ya Machi, Mama alikuwa ameshachukuliwa na mke wa mchungaji kwenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Nilifika na vitu vyake, nikavipanga mezani. Gari langu lilikuwa jekundu kwa vumbi, kioo cha mbele hata sioni, na mimi nimevaa nguo safi. Nikasema moyoni, ndoo moja tu, nani atajua? Nikaenda kwenye tangi. Bomba likanitolea uzi mwembamba kama wa kushonea, kwa sababu ya ile kamba. Ile kamba! Miaka mitano ya kamba ile ikanipanda kichwani. Nikalifungua fundo kwa meno, nikalifungulia bomba lote, nikaweka ndoo.

Ndipo nilipoinua macho nikaona upande wa magharibi hakuna anga. Ukuta wa vumbi ulikuwa unakuja, mwekundu, mrefu kuliko ghala la ngano. Mtu wa huku akiona hivyo hafikiri, anakimbilia madirisha. Nilikimbia. Nilifunga madirisha yote, nikatia matambara chini ya milango, nikafunika unga na sukari, nikaketi jikoni mchana ukiwa giza totoro, nikikohoa, na nyumba ikigonga meno. Saa moja na nusu baadaye vumbi likapungua. Nikawasha taa za gari nikajivuta mpaka nyumbani nikiwaza watoto wangu tu.

Kesho yake asubuhi, nikiwa naosha bakuli za uji, niliona bomba la sinki langu likidondosha maji. Tone moja, la pili. Nikakumbuka bomba la Mama. Niliacha maji, niliacha watoto, niliendesha kilomita tisa na aproni kiunoni.

Mama alikuwa ameshafika. Mke wa mchungaji alimlaza kwake kwa sababu ya vumbi, akamrudisha alfajiri. Bomba lilikuwa limefungwa. Kamba ilikuwa imerudi mahali pake na fundo lilelile. Na chini ya bomba, kwenye tope, Mama alikuwa amepiga magoti akipandikiza miche ya spinachi.

"Umefika mapema," akasema bila kugeuka. "Nishikie hii. Tope zuri kama hili halipatikani kila siku."

Nilimshikia. Alipoingia ndani kuweka birika nililibisha tangi kwa konzi, juu kuja chini, na lililia tupu, tupu, tupu. Chaki ya Jumapili ilikuwa kwenye mgongo wa nne. Sasa umebaki mmoja, na Anzac iko wiki saba mbele. Aliniita chai tayari, na kikombe kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni.

Nitasema ukweli wote, ndio maana nimekaa kusimulia. Nusu ya moyo wangu ililia. Nusu nyingine ilisema: basi, imekwisha, ataenda mjini, na Jumatano zangu zitakuwa zangu. Niliirudia ile nusu ya pili njia nzima kurudi nyumbani, nikajichukia, na bado sikumwambia Lyall. Siku moja ikawa wiki. Kuna makosa ambayo usipoyasema siku ya kwanza yanaota mizizi kinywani.

Wiki ya tatu nilishindwa. Nilijaza madebe mawili kwenye tangi letu nikayapeleka mchana kweupe kwenye buti ya gari. Mama alitoka akayatazama kwa hamu, nakwambia, kama mtu anayetazama nyama. Kisha akaniuliza kama maji yale si ya boza. Nikasema ni ya boza ndiyo, lakini tumeyanunua sisi, si yeye.

"Yamenunuliwa," akasema. "Nilipeana mkono na Lyall, sikupeana na mjanja."

"Mama, siku ile ya vumbi mimi..."

"Siku ya vumbi ilikuwa ya vumbi. Funga buti, mwanangu, yatakumwagikia njiani."

Nikarudi nayo. Jumapili ya kwanza ya Aprili Lyall alilibisha tangi mwenyewe. Alifika mpaka chini, akapiga magoti, akabisha mgongo wa mwisho mara mbili. Ulilia tupu. Akamwambia mama yake kwa upole, maana si mkatili, kwamba maji yamekwisha na hakuna aibu. Mama akamuuliza kama ameona boza limepita. Lyall akasema hapana. Mama akasema basi aingie, chai inapoa.

Na chai ilikuwapo. Hilo ndilo lililotutia wazimu. Wiki moja, mbili, tangi ni bati tupu, na birika linachemka. Nyumbani Lyall aliniuliza mara tatu kama nampelekea maji kwa siri, nikaapa mara tatu. Aliuliza mpaka kwa mke wa mchungaji. Roslyn akasema kwenye simu kwamba mama anakunywa kutoka kwenye bwawa la kondoo na atatuaibisha hospitalini, na Siku ya Anzac atakuja na sanduku.

Kweli alikuja nalo. Asubuhi tulikwenda kwenye mnara wa askari, tukasimama, tarumbeta ikalia, na anga ilikuwa bluu isiyo na hata kiwingu. Tulipofika kwa Mama, Roslyn aliliweka sanduku kubwa ukumbini, limefungwa mkanda, tupu. Mama alilipita kama vile ni kiti. Aliweka biskuti za shayiri mezani, akamimina chai. Vikombe vinne, vimejaa mpaka mdomoni. Roslyn alikinusa chake kabla ya kunywa. Maji yalikuwa matamu, maji ya paa.

"Glenys," Mama akaniambia, "birika limekwisha. Nenda stoo, rafu ya chini kabisa, lete chupa moja."

Stoo ile hakuwahi kumwachia mtu. Niliingia nikasimama. Kuta zote tatu zilikuwa rafu, na juu ya rafu zile chupa zake za kuhifadhia mapichi, na chupa kubwa za mvinyo za baba mkwe, mamia, tupu, zimeoshwa na kupinduliwa, kila moja na mfuniko wake kando. Ile mvua ya Septemba iliyofurika, ambayo sisi sote tuliiacha imwagike chini, yeye aliikinga kwa chupa. Na kama kawaida yake, rafu alikuwa amezibandika karatasi zilizoandikwa kwa penseli. Ya juu iliandikwa "Wageni". Ya pili "Homa". Hizo zilikuwa fupi. Kisha zikaja rafu nne nzima, kutoka kiunoni mpaka sakafuni, na karatasi moja tu. Iliandikwa "Glenys". Chini yake, Septemba 1982.

Nilihesabu kwa vidole. Miezi sita kabla ya vumbi. Mezani walikuwa hawajapeana hata mkono.

Nilisikia miguu ya Mama nyuma yangu, kwa zile ndara alizoshona mwenyewe kwa mpira wa tairi.

"Mama, ulijuaje?"

"Kabla ya hapo ulikuwa umeliacha bomba langu mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi ya nne ilikuwa njiani. Mtu akiweka akiba ya njaa na ya ugonjwa, akawasahau watu wake walivyo, hajaweka akiba, amejidanganya." Akainama akaokota chupa, ya mwisho iliyojaa, akanipa. "Nilidhani utaacha usiku mmoja. Nikakuwekea maji ya usiku mmoja na nusu. Twende, watu wanangoja."

Nililia nikiwa nimeikumbatia ile chupa. Kisha nilitoka nikaiweka mezani, nikamwambia Lyall na Roslyn yote, nimesimama: kioo cha gari, kamba, meno yangu, vumbi, migongo mitatu, na zile wiki saba za kimya. Hata ile nusu ya pili ya moyo nikaitaja. Lyall alikuwa na haki ya kunipigia kelele, hakunipigia. Alimgeukia dada yake akamwambia alirudishe sanduku garini.

Roslyn aliinuka, uso umemwiva. Mama akamwita kabla hajafika mlangoni.

"Roslyn, mwanangu, huo mkanda wa sanduku ni mzuri. Niachie."

Aliuacha. Mvua ilikuja wiki ya pili ya Mei. Jumatano zangu ziliendelea miaka kumi na mmoja, nikiambiwa kila mara nimenunua ghali, na siku moja ya Agosti tulimtoa Mama Elva nyumbani kwake akiwa amebebwa, kama alivyosema. Mvua ilikuwa nzuri miaka ile, matangi yakifurika, hakuna aliyewaza habari za maji.

Watu walijaa kwa mazishi, nami nikaenda stoo kutafuta sukari. Rafu za juu zilikuwa na mapichi. Rafu ya chini kabisa ilikuwa na chupa ishirini na nne za maji, zimefungwa vizuri, na karatasi mpya ya penseli yenye jina langu na mwaka ule ule tuliokuwamo. Sikuyamwaga. Niliyatia birikani, nikawapikia waombolezaji chai, nikawajazia vikombe mpaka mdomoni. Kisha nikaziosha zile chupa, nikazipindua, na mifuniko nikaiweka kando.